F. W. Murnau na Lugha ya Picha Bubu

Sinema ilianza kuwa bubu. Kwa kuwa maneno ya wachezaji hayakusikika, yaliandikwa katika vibao vilivyopitishwa baina ya picha na picha, watazamaji wakasoma. Miongoni mwa waliokiona kibao hicho kuwa mkongojo alikuwa Mjerumani Friedrich Wilhelm Murnau, aliyezaliwa Bielefeld mwaka 1888 kwa jina la ukoo la Plumpe.

Hoja yake ilidhihirika mwaka 1924 katika Der letzte Mann, yaani Mtu wa Mwisho, kisa kilichoandikwa na Carl Mayer. Bawabu mzee wa hoteli kubwa ajivunia sare yake, kwa kuwa ndiyo impayo heshima mtaani. Sanduku zito lamchosha, na mkuu wa hoteli amwona akipumzika. Avuliwa sare, apelekwa kutumika msalani, na majirani waliomwamkia jana wamcheka leo. Emil Jannings aliyaeleza hayo kwa mgongo wake: ndani ya sare umenyooka, nje yake umepinda. Mpiga picha Karl Freund naye alijifunga kamera kifuani akapepesuka nayo, ili mtazamaji auone ulimwengu kama mlevi auonavyo.

Barua na gazeti husomwa humo kwa kuwa ni vitu vya kisa chenyewe. Kibao cha msimulizi ni kimoja tu, nacho chafika karibu na mwisho. Chakiri kwamba kisa kilistahili kukomea katika unyonge wa mzee, ila mtungaji amemhurumia. Ndipo mzee atajirika ghafula kwa urithi. Hapo pana fundisho kwa wachunguzi wa lugha. Murnau aliyaita maneno pale tu aliposimulia jambo lisilosadikika kwa urahisi.

Sifa hiyo ilimfikisha Marekani, alikotengeneza Sunrise mwaka 1927. Hata hivyo, kazi zake hazikusalimika zote. Nosferatu ya 1922 iliamriwa na mahakama iteketezwe, kwa kuwa ilitwaa riwaya ya Bram Stoker pasipo idhini ya mjane wake. Nakala chache zilizosalia ndizo zilizoiokoa. 4 Devils ya 1928 imepotea. Mwenyewe alifariki California mwaka 1931 kwa ajali ya motokaa, siku chache kabla ya Tabu kuonyeshwa.

Sinema zilipoanza kusema, kamera ilifungiwa chumbani ili mlio wake usinaswe, ikarudi kusimama mahali pamoja. Ilipofunguliwa ikatembea tena, njia ilikuwa imekwisha kuonyeshwa.