Njaa ya Gandhi Mjini London

Mwaka 1888 kijana wa Bara Hindi, Mohandas Gandhi, alikwenda London kusoma sheria. Kabla ya kuondoka alimwapia mama yake kwamba hatagusa nyama wala mvinyo. Huko alipikiwa mboga za kuchemshwa, hazina chumvi wala viungo. Ninyi mliozoea bizari na pilipili mwajua mboga chapwa ilivyo! Mkate ulikuwapo, lakini aliona haya kuomba zaidi ya vipande viwili vitatu.

Rafiki yake mmoja alimgombeza: kiapo alichoapiwa mama asiyejua kusoma kina thamani gani? Kadiri alivyobishiwa, Gandhi alizidi kukishika.

Akawa anatembea maili 10 au 12 kwa siku, akitafuta hoteli ya watu wasiokula nyama. Hatimaye akaiona, Farringdon Street. Alifurahi kama mtoto. Karibu na mlango viliuzwa vitabu. Akanunua kimoja kwa shilingi moja, kitabu cha Henry Salt cha kutetea ulaji wa mboga. Akaingia, akala akashiba, mara ya kwanza tangu afike Uingereza.

Mpaka siku ile aliacha nyama kwa ajili ya mama. Alipokwisha kukisoma kitabu, aliiacha kwa hiari yake.