Mpini mwekundu ambao askari hakugawiwa

Kile kisu chekundu cha kukunja chenye msalaba mweupe na kizibuo cha mvinyo, kinachojulikana duniani kote kama kisu cha jeshi la Uswisi, jeshi la Uswisi halijapata kumgawia askari wake. Cha askari ni kingine kabisa. Anayetaka kuvitofautisha na aangalie mpini.

Jeshi hilo lilikuwa limepokea bunduki mpya, Schmidt-Rubin ya mwaka 1889, ambayo kuifungua kulihitaji bisibisi. Chakula nacho kilikuwa kikija kwenye makopo. Ikaamuliwa kila askari awe na kisu kimoja chenye bapa, kitoboleo, kifungua kopo na bisibisi. Shehena ya kwanza ya visu 15,000 ilitoka Solingen, Ujerumani, kwa kuwa hakukuwa na kiwanda cha Kiswisi cha kuimudu kazi hiyo. Karl Elsener, fundi visu wa Ibach katika jimbo la Schwyz, alitaka kazi ibaki nyumbani. Akawakusanya mafundi wenzake, na mwaka 1891 wakakabidhi visu vyao vya kwanza. Wenzake wakajitoa mmoja baada ya mwingine, maana bei za Solingen hazikushindika, naye akaponea chupuchupu kufilisika.

Mpini wa kisu hicho ulikuwa wa mwaloni uliotiwa weusi. Mwaloni ni mti mgumu, lakini mti ni mti: hunywa maji ukavimba, hukauka ukasinyaa, mwishowe hupasuka penye ribiti. Tena kilikuwa kizito, gramu 144, na unene wake ulizidi sentimita mbili. Mwanzoni mwa karne ya 20 mbao zikaipisha faiba, ambayo ni karatasi za pamba zilizolowekwa katika kloridi ya zinki, zikagandamizwa pamoja, kisha zikaoshwa na kukaushwa hadi zikawa ngumu kama pembe. Faiba haipasuki ovyo, nayo hupokea rangi. Hapo ndipo wekundu ulipoingia mfukoni mwa askari wa kawaida.

Kile kisu maarufu kilizaliwa kando. Juni 1897 Elsener alisajili kisu chepesi zaidi, akakiongezea bapa la pili na kizibuo cha mvinyo, akakiita cha afisa. Wakubwa wa jeshi hawakukiweka kwenye orodha ya vifaa, hivyo afisa aliyekitaka alikinunua kwa fedha zake. Kwa nini chekundu? Jibu linalotolewa sana ni kwamba kikidondoka kwenye theluji kitaonekana. Mimi nalikubali nusu. Bendera ya Uswisi nayo ni nyekundu, na mfanyabiashara mwerevu hapuuzi bendera.

Mipini ya kung'aa ya zama hizo ilitengenezwa mara nyingi kwa seluloidi, mchanganyiko wa selulosi iliyotiwa asidi ya naitriki pamoja na kafuri. Ilipendwa kwa sababu iliweza kuigiza pembe za ndovu na magamba ya ng'amba kwa bei ya kutupa. Ilikuwa na ila mbili mbaya: hushika moto upesi, na ikizeeka hutoa mvuke wa asidi unaokitia kutu chuma kilicho jirani yake, hata kama kisu kimelala kabatini bila kuguswa. Baadaye ikachukuliwa nafasi na Cellidor, plastiki isiyowaka upesi kiasi hicho, ambayo nayo chimbuko lake ni selulosi ya mimea. Ni mpini huu, uliosuguliwa mpaka ukang'aa, ambao askari wa Marekani waliununua kwa wingi kwenye maduka ya kambini baada ya Vita Kuu ya Pili na kurudi nao kwao.

Askari wa Uswisi walielekea kwingine. Kisu chao cha mwaka 1961 kilivaa alumini ya rangi ya fedha yenye vijinundu vya mraba ili isiteleze mkononi. Hiyo alumini haikupakwa rangi. Huzamishwa katika asidi na kupitishiwa umeme, uso wake ukaota utando mgumu wenye vinyweleo. Ikitakiwa rangi, hunyweshwa vinyweleoni kabla ya kuzibwa, ndiyo maana haibambuki kama rangi ya brashi. Uzito ukashuka hadi gramu 72, nusu kamili ya kile cha mwaloni. Kwa macho yangu hakuna kisu cha jeshi kilichokipita kwa urembo.

Mwaka 2008 jeshi lilichagua kisu kipya chenye msumeno na bapa linalofunguka kwa mkono mmoja. Mpini wake ni wa plastiki ya kijani cha zeituni, wenye vipande vyeusi vya kukamatia, na gramu 131 zinamrudisha askari karibu na babu yake. Rangi ya kuonekana imeachiwa raia. Askari amepewa ya kujificha, na nani ajuaye ni vingapi vimepotelea nyasini. Alumini nayo haikufa. Kampuni ya Elsener, ambayo siku hizi ni Victorinox, tangu 2014 hutoa kila mwaka visu vya alumini vya rangi moja teule, ya kwanza ikiwa ya chungwa, na mwaka ukiisha rangi hiyo haitengenezwi tena. Wakusanyaji huzinunua zote.