Mpungate wa Tunisia, Mgunga wa Turkana

Laikipia, Kenya, mpungate ni balaa. Watawala wa kikoloni waliuleta Dol Dol katikati ya karne ya 20 uwe ua wa miiba, ukauacha ua na kuyavamia machunga. Kondoo na mbuzi hulifuata tunda lake, kisha vimiba vyake vyembamba huwachoma ulimi, ufizi na hata utumbo. Katika miaka ya 2010 wataalamu waliachilia mdudu wa kochinili aunyonye hadi unyauke.

Kaskazini-mashariki mwa Brazili, kochinili wa spishi hiyohiyo, ingawa wa ukoo tofauti, amekuwa akilaaniwa kwa kuteketeza mashamba ya mpungate ya Pernambuco na Paraíba. Huko wakati wa ukame mpungate ndio tegemeo la ng'ombe, mbuzi na kondoo. Wafugaji wengi walinusurika kwa kupanda aina zinazomhimili mdudu huyo, mojawapo ikiwa Opuntia stricta, ambayo Laikipia inapigwa vita. Kwa hiyo anayeuliza kama mpungate ni chakula cha mifugo au gugu hajauliza swali lililokamilika. Aulize pia nani anaukata.

Tunisia wanajua kuukata. Wanapanda aina isiyo na miiba kwa safu, wanavuna majani yake mapana, wanayakatakata na kuwapelekea kondoo zizini. Mmea huu hufungua vinyweleo usiku, jua linapokuwa limezama, ndiyo maana haupotezi maji ovyo. Karibu asilimia 85 hadi 90 ya jani bichi ni maji. Kondoo anayelishwa mpungate kwa wingi hunywa maji kidogo sana, jambo kubwa mahali ambapo kisima ni mwendo wa nusu siku.

Lakini mpungate peke yake ni mlo dhaifu. Protini yake ni ndogo, na kondoo akiushindilia bila kitu kikavu anaharisha. Ndiyo sababu huchanganywa na mabua ya ngano au shayiri. Watafiti wa Tunisia, miongoni mwao Ali Nefzaoui na Hichem Ben Salem, waliuoanisha pia na atripleksi, kichaka cha ardhi ya chumvi. Atripleksi ina protini, ila chumvi yake humtia kondoo kiu. Mpungate hauna protini ya kutosha, ila umejaa maji. Kila mmoja unaziba pengo la mwenzake. Kwangu mimi, hilo ni wazo kubwa kuliko mmea wowote mmoja unaosifiwa kwenye semina kuwa mwarobaini wa ukame.

Waaustralia nao wameichukua atripleksi, lakini hawaikati. Wanaipanda kwenye ardhi iliyoharibiwa na chumvi, wanazungusha uzio, kisha wanawafungulia kondoo wakati nafaka zimeshavunwa na nyasi zimekauka. Hata katika kuchagua miche bora, walitazama ni vichaka gani kondoo wenyewe wanavipenda.

Turkana, kaskazini mwa Kenya, wachungaji hawategemei uzio wala shamba la malisho. Kuna mgunga kando ya mito ya msimu, nao huangusha maganda ya mbegu kiangazi, nyasi zikiwa zimekwisha. Maganda hayo yana protini zaidi ya mara mbili ya ile ya mpungate. Wachungaji huyatikisa kwa mti mrefu wenye ndoano, kondoo na mbuzi wakisubiri chini. Kinachoulinda mgunga ni ekwar: familia ina haki juu ya kipande cha msitu wa mtoni, na mgeni huomba ruhusa kabla ya kulisha. Kwa hiyo miti inayozaa chakula cha kiangazi haikatwi hovyo kwa mkaa au kwa ua wa boma.

Wasukuma wa Shinyanga, Tanzania, wana utaratibu unaofanana, ila unahusu nyasi. Ngitili, yaani eneo la malisho lililotengwa, hufungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kinapokolea. Nyasi husimama zikakauka, zikawa hori la akiba lisilojengwa. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alipoitembelea Shinyanga aliiona ikielekea kuwa jangwa. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986 ulifufua utaratibu huu, na kutoka takriban hekta 600 ngitili zilifikia zaidi ya hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Haukuhitajika mmea mgeni.

Watunisia na Wabrazili wamebobea katika kupanda, kukata na kuchanganya. Waturkana na Wasukuma katika kujua lini pafungwe na nani aingie. Anayetaka kupeleka mpungate usio na miiba kwa wafugaji wetu wa kuhamahama, basi, anapeleka pia panga, kazi ya kila siku ya kukata na kubeba, na haja ya kukaa mahali pamoja ili mifugo ya watu isiumalize mmea kabla haujakomaa. Kwa mfugaji aliyetulia Dodoma au Makueni, mwenye ekari mbili na mabua ya mtama yanayoteketea shambani, hesabu hiyo inaweza kukubali. Kwa anayefuata mvua kutoka Lodwar, hapana. Huyo anufaike kwanza na mgunga wake, na ekwar itambuliwe na serikali ya kaunti kabla msitu wa mtoni haujagawiwa kwa wakulima wa umwagiliaji.