Vita vya angani vilivyoanza na sheria za Newton

Mwaka 1961 chuo cha MIT nchini Marekani kilipata kompyuta ya PDP-1, na vijana waliokuwa wakishinda nayo usiku na mchana wakaamua kuitungia mchezo. Walikuwa wasomaji wakubwa wa riwaya za E. E. Smith, zenye vyombo vinavyofukuzana kutoka nyota hadi nyota. Kazi ya kuandika programu ikamwangukia Steve Russell, naye akawa anapiga danadana: hana hesabu za sini na kosini. Alan Kotok akaenda DEC, kwa watengenezaji wenyewe wa mashine, akarudi na utepe wa hesabu hizo na kumkabidhi. Kisingizio kikaisha.

Mchezo huo, Spacewar!, ukachezwa mwaka 1962. Ukiwasha injini, chombo kinakwenda. Ukiizima hakisimami, kinaendelea kwa mwendo uleule, kama Newton alivyofundisha. Dan Edwards akaweka katikati nyota yenye mvutano: mzembe anavutwa hadi anaangamia, mjuzi anaizunguka apate kasi ya kumvamia mwenzake. Peter Samson naye alichukizwa na nyota zilizotawanywa ovyo kwenye kioo, akaingiza ramani ya nyota halisi.

Lakini makombora ya vyombo hivyo hayakuvutwa na nyota ile. Mashine isingemudu kukokotoa mvutano wa kila kitu kwa wakati mmoja. Kisha Martin Graetz akabuni njia ya kutorokea ambayo hakuna maabara inayoijua: unatoweka, unaibukia mahali usipopachagua, na kila ukirudia, hatari ya kulipuka inaongezeka. Kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote waliyofanya. Walibuni muujiza, wakautoza gharama, na mchezaji akauamini.

Asteroids ya Atari, mwaka 1979, ilirithi kuelea na kutoweka huko, ila chombo chake hupunguza mwendo chenyewe japo angani hakuna hewa ya kukizuia. Katika Elite ya 1984, David Braben na Ian Bell waliviacha vyombo viruke kama ndege. Mwaka 1993, katika Frontier: Elite II, Braben alirudi kwa Newton bila huruma. Maadui wakawa wanapishana kwa kasi kubwa, hawawezi kugeuka kwa ghafla, na wachezaji wengi wakalalamika. Elite Dangerous ya 2014 ikaweka tena ukomo wa mwendo.

Hata Kerbal Space Program, iliyotengenezwa na Squad ya Mexico na kukamilika 2015, ina siri yake. Humo mafuta, uzito na mzunguko wa sayari vinahesabiwa kwa makini, na roketi iliyopangwa vibaya haifiki popote. Hata hivyo sayari yake ya nyumbani ina nusu kipenyo cha kilomita 600 tu, ilhali mvutano wake ni sawa na wa Dunia. Ingekuwapo kweli, ingebidi iwe nzito kwa ujazo takriban mara kumi kuliko Dunia. Hakuna mwamba wa namna hiyo. Watengenezaji waliipunguza ili safari ya kufika angani isichoshe, na nadhani walifanya vyema.