Kunguru na Wenyeji Wake

Wahenga walinena ya kwamba kunguru hafugiki. Neno hili ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Kunguru hafugiki, wala hakai mbali na mtu: hula jalalani kwa mtu, hulala juu ya mti wa mtu, na alfajiri huwa wa kwanza kumpigia mtu kelele.

Katika Gairo, mji wa Mkoa wa Morogoro ulio kando ya njia kuu iendayo Dodoma, kunguru mwenyeji ni yule wa kifua cheupe na ukosi mweupe, mithili ya karani aliyevaa koti jeusi juu ya shati safi. Gari la abiria lisimamapo, naye hushuka. Hutembea kwa madaha, akitazama kando kana kwamba hana haja na kitu. Abiria akigeuza uso kudai chenji yake, kipande cha mkate kimekwenda. Lakini mtu akiinama kufunga kamba za viatu, ndege huruka mara moja, maana ajua ya kuwa wanadamu huinama ili waokote mawe. Huo ndio ujirani wao: kila mmoja amemsoma mwenzake, na hapana amwaminiye mwenzake.

Huko pwani ujirani huo uliingiliwa na mkono wa serikali. Katika miaka ya 1890 Waingereza walileta Unguja kunguru wa Bara Hindi, mwembamba, mwenye shingo ya kijivu, ili ale taka za mji. Alipewa kazi ya ufagizi pasipo mshahara. Taka alizila; kisha akala mayai na makinda ya ndege wengine, na vifaranga vya kuku. Kufika mwaka 1917 mtumishi huyo alikwisha kuhesabiwa mharibifu. Mwaka 1947 alionekana Mombasa; Dar es Salaam nako akaenea, na mwenyeji wa kifua cheupe akapungua katika miji hiyo. Mitego na sumu vilitumika Unguja katika miaka ya 1990, na Dar es Salaam baadaye. Idadi yake ilishuka. Kazi ilipolegea, ikapanda tena.

Kosa la waliomleta halikuwa kumwamini ndege, bali kudhani kwamba taka ikiliwa imekwisha. Taka haikwisha; iliota mbawa. Kunguru huongezeka kwa kadiri ya chakula atupiwacho, na sumu hupunguza walaji bila ya kuondoa sahani.

Njia kuu ile ile imemfikisha mgeni huyu hata mji wa Morogoro, na njia hiyo haikomi pale. Kunguru wa Gairo hana askari wa kumlinda. Ulinzi wake umo katika jalala lililofukiwa na kituo cha magari kilichofagiwa na watu wenyewe. Atapata makombo machache zaidi, lakini hatanyang'anywa mji wake.