Jina Kwanza, Ndege Baadaye: Historia ya Kujiandikisha kwa Mtihani wa Urubani

Marubani wa kwanza duniani walipata vyeti bila kushika kalamu. Mwaka 1909 klabu ya anga ya Ufaransa, Aéro-Club de France, iliamua kuwatambua rasmi watu waliokuwa wameshajulikana kwa kuruka. Iliwapanga kwa alfabeti, ikawagawia namba, kazi ikaisha. Ndiyo sababu Louis Blériot akawa na cheti namba 1, na ndugu Orville na Wilbur Wright, waliokuwa wameruka tangu Desemba 1903, wakajikuta namba 14 na 15. Jina lao la ukoo lilianza na herufi ya mwishoni.

Mtihani ulipokuja ulikuwa wa uwanjani. Kufikia mwaka 1911 vilabu vilivyokuwa chini ya shirikisho la kimataifa la urukaji, FAI, vilikuwa na kipimo kimoja: mtahiniwa aruke mara mbili kwenye mzunguko wa kilomita 5 au zaidi, apande hadi mita 50 kutoka ardhini, kisha atue injini ikiwa imezimwa na kusimama karibu na alama aliyoonyeshwa. Waangalizi wa klabu walikaa pembeni wakiandika. Hakuna aliyeulizwa habari za mawingu wala sheria za anga, maana sheria za kimataifa za anga zilikuwa bado hazijatungwa.

Kilichokuwepo tangu mwanzo ni usajili. Klabu ya kifalme ya London, Royal Aero Club, ilitunza kadi na picha ya kila rubani. Kwenye kadi hiyo utakuta tarehe na mahali alipozaliwa, uraia wake, kazi anayofanya, aina ya ndege aliyofanyia mtihani, shule na siku. Ukizitazama picha hizo leo unaona sura za wanajeshi, wahandisi na mabwana wenye fedha zao. Tarehe 8 Machi 1910 J.T.C. Moore-Brabazon alipewa cheti namba 1 cha Uingereza. Siku hiyohiyo, ng'ambo ya mlangobahari, Raymonde de Laroche akapewa cha Ufaransa namba 36 na kuwa mwanamke wa kwanza duniani mwenye cheti cha urubani.

Kwa hiyo swali la awali kabisa la mtihani huu halikuhusu ndege. Lilikuwa: wewe ni nani, na nani amekuleta? Kwa maoni yangu, historia ya mtihani wa rubani inaeleweka vizuri zaidi pale dirishani, jina linapoandikwa, kuliko ndani ya chumba cha maswali.

Hakuna aliyelijua hilo kama Bessie Coleman. Alizaliwa Texas mwaka 1892, mtoto wa familia ya wakulima, akaenda Chicago kufanya kazi ya kutengeneza kucha kwa kinyozi. Alipotaka kujifunza urubani, shule za Marekani zilimkataa kwa sababu mbili: ni mweusi, na ni mwanamke. Robert Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender, alimshauri aende Ufaransa. Coleman akajifunza Kifaransa kwanza, akaweka akiba, na Novemba 1920 akapanda meli.

Alifundishwa Le Crotoy, kaskazini mwa Ufaransa, katika shule ya ndugu Caudron. Tarehe 15 Juni 1921 alipewa cheti cha FAI, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kukipata. Cheti hicho kinasema alizaliwa mwaka 1896. Miaka minne ilikuwa imepungua mahali fulani kati ya Texas na Le Crotoy, na karani wa Ufaransa hakuwa na sababu ya kubishana naye. Baada ya kuvuka bahari ili tu apate pa kuandika jina lake, sioni wa kumlaumu. Alifariki Jacksonville, Florida, tarehe 30 Aprili 1926, alipoanguka kutoka kwenye ndege wakati wa maandalizi ya maonyesho.

Wakati Coleman anasoma, serikali zilikuwa zimeshaanza kuuchukua mtihani kutoka mikononi mwa vilabu. Mkataba wa Paris wa 13 Oktoba 1919 ndio uliotaka rubani wa ndege za abiria apimwe afya na aulizwe mambo ya darasani: injini, taa na ishara, kanuni za kupishana angani, sheria za kimataifa. Uingereza ikagawa leseni mbili, "A" ya kuruka kwa hiari yako na "B" ya kuruka kwa malipo. Marekani ilichelewa hadi sheria ya mwaka 1926. Leseni namba 1 ya serikali ya Marekani ilitolewa Aprili 1927 kwa William MacCracken, mkuu wa idara yenyewe ya anga, baada ya Orville Wright kuikataa akisema harushi ndege tena.

Mfumo huo wa Kiingereza ndio uliofika Nairobi. Klabu ya anga ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1927, na miaka miwili baadaye Florence Kerr Wilson akaanzisha kampuni ya Wilson Airways; uwanja wa ndege wa Wilson una jina lake. Hizi zilikuwa shughuli za walowezi. Beryl Markham, aliyelelewa Kenya, alipata leseni ya "B" mwanzoni mwa miaka ya 1930, akaanza kusafirisha watu, barua na vifurushi kwa malipo. Mwafrika aliyekuwa akisukuma ndege hizo kutoka kwenye banda hakuwa na dirisha la kujiandikishia.

Vita Kuu ya Pili ilipokaribia kwisha, mataifa yalikutana Chicago, na mkataba wa 7 Desemba 1944 ukazaa shirika tunaloliita ICAO. Kiambatisho cha 1 cha mkataba huo, kinachohusu leseni za wafanyakazi wa anga, kilipitishwa Aprili 1948, na hadi leo ndicho kinachosimamia umri wa kupata leseni: miaka 17 kwa rubani binafsi, 18 kwa rubani wa biashara, 21 kwa nahodha wa ndege kubwa za abiria. Masomo ya nadharia nayo yamepangwa humo: sheria za anga, ufahamu wa ndege, mwendo na mipango ya safari, hali ya hewa, uongozaji wa njia, kanuni za kuruka, mawasiliano ya redio na mengineyo. Somo la udhaifu wa binadamu liliongezwa mwishoni mwa miaka ya 1980, baada ya dunia kuona ajali kama ya Tenerife ya 27 Machi 1977, ndege mbili kubwa zilipogongana uwanjani na kuua watu 583, zote zikiwa nzima. Kuanzia Machi 2008 rubani wa safari za kimataifa analazimika pia kuthibitisha kuwa anakimudu Kiingereza cha redioni kwa daraja la 4 kati ya 6.

Mwaka huohuo wa Tenerife, sisi tulikuwa na msiba wetu wa makaratasi. Tangu 1946 nchi zetu zilikuwa na shirika moja la ndege, East African Airways, na baadaye usimamizi mmoja wa anga. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifungua chuo cha urubani Soroti, mashariki mwa Uganda, ili kijana wa Moshi, wa Kisumu na wa Mbale wasome pamoja. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, ndege ziligawanywa, Soroti ikabaki mikononi mwa Uganda, na dirisha moja la leseni likawa matatu. Uganda iliunda mamlaka yake ya usafiri wa anga mwaka 1991. Tanzania ikaanza na wakala mwaka 1999, kisha mamlaka kamili kwa sheria ya 2003, ndiyo TCAA. Kenya ikaunda KCAA mwaka 2002. Wakala wa usalama wa anga wa Jumuiya mpya, CASSOA, wenye makao Entebbe, umekuwa ukizioanisha kanuni tangu 2007, lakini leseni bado inatoka kwa kila nchi.

Ulaya ilikwenda njia ya kinyume. Mwaka 1999 nchi nyingi zilikubaliana masharti mamoja, ambayo baadaye yakawa sheria ya Umoja wa Ulaya. Anayetaka kurusha ndege za abiria ana masomo zaidi ya kumi ya kufaulu, kila moja kwa asilimia 75. Hawezi kujiandikisha kwa kujisikia tu: shule yake lazima imwidhinishe, na idhini hiyo hufa baada ya miezi 12. Akifanya karatasi ya kwanza, saa inaanza kuhesabu, maana yote yamalizike ndani ya miezi 18, na somo moja halirudiwi zaidi ya mara nne. Ndiyo maana wanafunzi wa urubani wanaongea habari za tarehe kuliko habari za maswali. Nani aanze na hali ya hewa? Nani aiache sheria mpaka mwisho? Kosa la kupanga linaweza kumrudisha mtu mwanzo akiwa na alama nzuri mkononi.

Kalenda imewahi kuwakimbiza hata Wamarekani. Baada ya ajali ya ndege ya kampuni ya Colgan karibu na Buffalo, Februari 2009, sheria ziliimarishwa, na ikatangazwa kwamba kuanzia 1 Agosti 2014 hakuna atakayefanya mtihani wa nadharia wa daraja la juu bila kwanza kupita kozi maalumu yenye mafunzo ya kifaa cha kuigiza ndege. Kozi hiyo ni ya dola nyingi. Marubani wakavamia vituo vya mtihani kabla ya Julai kwisha. Maarifa yao yalikuwa yaleyale ya siku zote. Wao walichokimbilia ni tarehe. Usajili nao umebadilika: tangu Januari 2020, mtahiniwa wa Marekani anatakiwa kuwa na namba ya utambulisho ya mamlaka ya anga kabla ya kuketi. Aliyefanya mtihani wa kidato cha nne kwetu anaijua namba ya mtahiniwa. Hii ya Marekani tofauti yake ni kwamba inamfuata mtu maisha yake yote ya kazi.

Uingereza iliachana na karatasi za rubani binafsi mwaka huohuo wa 2020. Awali mtihani ulifanyika klabuni, chini ya mtahini wa hapohapo, aliyesahihisha mwenyewe. Sasa mwanafunzi hufungua akaunti, shule humwekea nafasi, maswali hutoka kwenye kompyuta ya mamlaka. Miezi michache baadaye nchi hiyo ikatoka katika mfumo wa Ulaya, na waliokuwa katikati ya mitihani wakalazimika kuchagua upande, kwa sababu karatasi zote za leseni moja lazima zifanywe chini ya mamlaka moja.

Lakini somo kubwa la mwaka 2020 lilitoka Pakistan. Mwaka 2018 ndege moja ilitoka nje ya njia yake huko Panjgur, na wachunguzi wakapekua leseni za waliokuwa usukani. Wakakuta kitu ambacho hata mtoto angekiona: tarehe ya mtihani ilikuwa siku ya mapumziko, ofisi zimefungwa. Nani aliyemsimamia mtahiniwa siku hiyo? Upekuzi ukapanuliwa. Tarehe 22 Mei 2020 ndege ya shirika la ndege la Pakistan, PIA, ikaanguka Karachi na kuua watu 97 waliokuwemo ndani yake. Mwezi uliofuata waziri wa anga, Ghulam Sarwar Khan, akaliambia bunge kwamba marubani 262 kati ya 860 wana leseni za kutiliwa shaka, na kwamba wapo waliofanyiwa mtihani na watu wengine.

Wengi wa waliotajwa walisafishwa baadaye, na leseni zilizofutwa zilikuwa chache kuliko hesabu ya waziri. Hasara ilikuwa imeshatokea. Kuanzia 1 Julai 2020 Ulaya iliifungia PIA anga yake, na zuio halikuondolewa hadi Novemba 2024. Angalia kilichowaumbua wahusika: si jibu baya la swali la mbawa. Ni safu ya tarehe kwenye daftari la usajili, ambayo hakuna aliyefikiri kwamba kuna mtu angeisoma.

Kwetu Afrika Mashariki, vijana wengi husomea urubani nje, wakirudi hukuta kwamba leseni ya kigeni haitumiki hivihivi. Kwa kawaida kuna taratibu za kuihamisha, na mtihani wa sheria za anga za nyumbani ni sehemu yake. Wazazi huuza viwanja kulipia masomo haya. Mzazi unayejiandaa kufanya hivyo, kabla hujalipa ada muulize mwenye chuo mwanao ataandikishwa kwa mtihani chini ya mamlaka ya nchi gani, kisha nenda TCAA au KCAA ukaulize leseni ya nchi hiyo wanaipokea kwa masharti yapi. Majibu yote mawili yapate kwa maandishi.