Jirani wa Jua: hesabu iliyoanza Cape ikafika Kyambogo

Agosti 2025 wanasayansi walitangaza kwamba darubini ya James Webb imeona dalili za sayari kubwa ya gesi karibu na nyota Alfa Centauri A. Ni dalili tu: ilionekana Agosti 2024, ikatafutwa tena mapema 2025, ikakosekana. Hata ikithibitishwa, umri wake utasomwa kwenye nyota yenyewe, na kuipima nyota hiyo ni kazi iliyoanzia Afrika.

Kampala inaiona bila darubini. Mwezi Juni, kama saa nne usiku, inang'aa kusini, upande wa ziwa, umbali wa miaka ya nuru 4.37.

Mskoti Thomas Henderson aliipima akiwa Cape, Afrika Kusini, mwaka 1832 na 1833. Alitazama inavyosogea kidogo mno kadiri Dunia inavyolizunguka Jua. Cape hakuipenda hata chembe; akajiuzulu, akarudi kwao na madaftari yake. Hapo akasita. Wengi kabla yake walikuwa wametangaza umbali wa nyota wakaumbuka. Alipokuwa akihakiki hesabu, Mjerumani Friedrich Bessel akatangaza umbali wa nyota nyingine mwaka 1838. Henderson alichapisha Januari 1839, sifa zimeshakwenda Königsberg, kwa Bessel.

Mwaka 1915 Robert Innes, akiwa Johannesburg, aligundua Proxima, nyota ndogo mwenzi wa Alfa Centauri, iliyo karibu nasi zaidi baada ya Jua. Mwaka 2001, kwa darubini iliyoko Chile, mitetemo ya Alfa Centauri A ikanaswa, na wataalamu wakapata njia ya kuchungulia tumbo lake.

Ubishi ukazuka mwaka 2016. Kundi moja lilisema uzito wake ni mara 1.13 ya Jua, jingine mara 1.11. Chanzo kilikuwa kilekile cha Henderson: umbali. Tofauti ni ndogo, lakini nyota hii iko mpakani. Uzito ukizidi kidogo, kiini chake hutokota kama uji, kikichanganya haidrojeni, na makadirio ya umri wake hubadilika.

Mganda Benard Nsamba, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu Porto, Ureno, aliuingia ubishi huo na wenzake mwaka 2018. Walitengeneza mifano mingi ya nyota kwa kompyuta. Wakiufuata uzito mkubwa, zaidi ya asilimia 70 ya mifano iliyolingana vizuri na vipimo ilikuwa na kiini kinachotokota. Hukumu hiyo ina sharti: uzito huo uwe sahihi.

Baadaye Nsamba aliongoza kundi la utafiti Chuo Kikuu cha Kyambogo, kando ya barabara ya Jinja, kwa ushirika na taasisi ya Max Planck ya Ujerumani. Mbarara nako, Edward Jurua amelea wanafunzi wa fani hii.

Setilaiti ya Uganda, PearlAfricaSat-1, iliporushwa Novemba 2022, Waganda tulishangilia, na tulistahili. Hawa wa nyota wanajulikana zaidi ughaibuni kuliko Wandegeya, hapa Kampala. Kazi yao haidai roketi: inadai kompyuta zenye nguvu, intaneti isiyokatika na mishahara ya kuwabakiza vijana nyumbani. Bajeti ya Uganda inayamudu hayo, ikitaka.